Bwana Numéro Privé

Sehemu ya saba

Tulimwacha Tante Mbombo kidole kikiwa hewani. Simu ya Wivine ilikuwa ikilia katikati ya meza ya uani, na kioo chake kilionyesha yale maneno mawili yaliyomnyima usingizi: Numéro privé. Ukoo mzima ulikuwa umeikodolea macho. Gaston Mpoyi, mume wa Wivine na mgombea wa ushemasi, alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili kama mfiwa.

Kidole kikashuka. Haut-parleur, ile spika ya wote kusikia, ikafunguka.

"Allo, chérie," ikasema sauti ya kiume, nyororo lakini yenye kukwaruza. "Ule bwana yako alishatoka? Roho yangu inakulilia."

Tante Mbombo akapiga kofi moja kubwa. "Munasikia? Munasikia na masikio yenu mwenyewe?"

"Mi nilisema!" Gaston akalia. "Mi nilisema, batu bakasema Gaston eko na wivu!"

Kama gazeti hili limekufikia leo likiwa limefungiwa samaki, kaa hapa nikupe mkasa kwa ufupi. Kwa majuma mengi mtu asiyejulikana amekuwa akimpigia simu Wivine, ambaye huuza bikwembe, yaani vitenge, mbele ya geti la nyumbani kwake, akificha namba yake. Anambembeleza, anamsifia shingo, anamwita asali, kisha anangoja jibu. Gaston, ambaye ni chef d'équipe, yaani mkuu wa zamu, kwenye kampuni moja ya kuchimba shaba, "akazigundua" simu hizo, akalia, akafunga kula, akaomba, halafu akaita ukoo.

Na kwa watu hawa wenye asili ya Kasai, mke aliyesemeshwa mapenzi na mwanamume mwingine hana ruhusa ya kunyamaza. Ni lazima aungame mbele ya wakubwa na ataje jina la huyo mwanamume. Asipotaja, tshibawu inaingia nyumbani, nayo ni laana isiyo na adabu, kwa maana huanza na watoto. Kwa hiyo mke aliyekataa kutaja hurudishwa kwao, na watoto hubaki kwa baba.

Mfuko wa Wivine ulikuwa tayari mlangoni. Tata Mianda, baba yake mdogo, alikuwa ameitwa kutoka Mutshatsha aje kumchukua, na lori la makaa, makala kama wasemavyo wao, lililomleta lingeondoka mara watu watakapomaliza kula. Gael na Josée, watoto wake, walikuwa wamepelekwa kwa jirani ili wasimwone mama yao akipanda juu ya magunia. Wivine aliutazama ule mfuko.

"Taja jina," akasema Tata Kabongo.

Tata Kabongo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao. Ni kaka wa marehemu baba yake Gaston, mstaafu wa migodini, na alikalia kiti pekee cha nyumba hiyo chenye mikono. Alikuwa ametoka kanisani moja kwa moja, tai bado shingoni.

"Tata, mi sijue jina yake," Wivine akajibu. "Ona mwenyewe. Banaandika paka numéro privé, basi tu."

"Numéro privé ni wa kabila gani?" akauliza Tata Mianda kwa nia njema kabisa. Simu yake mwenyewe ni ya tochi.

"Haina kabila, Tata. Ni mutu anaficha numéro yake."

"Sasa tshibawu itamushika namna gani, kama haina jina?"

Swali lilikuwa zuri kiasi kwamba Tata Kabongo alivua kofia. Kwenye simu sauti ilikuwa ikiendelea kuita, "Allo? Chérie? Unanyamaza?" Tante Mbombo, ambaye ni shangazi wa Gaston na hapendi siri za ukoo zisikike nje, akachukua bakuli la bati akaifunika simu nalo. Sasa Bwana Numéro Privé alisikika kama mtu aliyefungiwa kabatini.

"Mama Gael," Tata Kabongo akaendelea, akijipepea kwa kofia, "tuko batu ba heshima. Bibi wa kweli, simu yake haina siri. Angalia Noëlla wangu. Simu yake analazaka juu ya meza, haina hata code. Mi namuuliza, ni nani alikupigia? Ananiambia, ni présidente wa chorale. Basi. Njo ndoa."

Noëlla ni mke mpya wa Tata Kabongo, mwimbishaji wa kwaya, aliyefunga naye ndoa Pasaka iliyopita wakati mzee alipochoka na ujane. Siku hii hakuja kikaoni. Kichwa kilikuwa kinamuuma, maskini, baada ya kuimba asubuhi nzima.

"Asante, Tata," Gaston akasema haraka. "Mufano mwema sana."

Pembeni mwa ua, mbuzi mweupe aliyefungwa kwenye mguu wa tangi la maji akalia. Huyo alikuwa mbuzi wa kusafishia nyumba. Gaston alimnunua mwenyewe, kwa majonzi, na alichagua mnono.

Sasa usidhani Wivine alikuwa amekaa mikono mapajani majuma yote hayo. Kwanza alikwenda kwenye ofisi ya mtandao wa simu mjini. Msichana wa pale, mwenye kucha ndefu za kuweza kubonyeza kompyuta akiwa amesimama mlangoni, alimwambia kwamba namba ipo, anaiona hapo mbele yake, lakini ni siri ya mteja. Mteja yupi? Yule anayekusumbua, mama. Polisi naye alitaka kujua kama sauti ni ya kijana au ya mtu mzima, akaomba namba ya Wivine ili afuatilie, na tangu siku hiyo Wivine akawa na wanaume wawili wa kumpigia.

Mchungaji aliipaka simu mafuta ya upako. Mafuta yakaingia kwenye spika, ndiyo maana Bwana Numéro Privé siku hizi anakwaruza. Jirani yake Valérie alimpa filimbi ya refa: ukiona namba imefichwa, pokea, puliza. Wivine akapokea, akapuliza kwa nguvu zake zote. Alikuwa ni Tante Mbombo, akipiga kwa simu ya kuazima kutoka Sandoa, alikokuwa ziarani, kuuliza hali ya watoto. Mpaka leo sikio lake la kushoto halijasamehe, na hiyo ni sababu mojawapo iliyomfanya aje kikaoni mapema kuliko wote.

Kubadili namba? Namba hiyo ndiyo duka lake. Wake wa wachimbaji wa Mutoshi, wanaoagiza bikwembe bila kupoteza siku kuja mjini, wanaijua kwa kichwa. Halafu ile SIM alipewa na Gaston mwenyewe, ikiwa imefungwa kwa utepe mwekundu, sikukuu ya ndoa yao. Wivine alikuwa amelia kwa furaha. Akikumbuka sasa anataka kujizaba kofi.

"Taja jina," Tata Kabongo akarudia. "Lori inangojea."

Ndipo Wivine akakumbuka dawa yake ya mwisho, ile aliyoibuni mwenyewe bila kumwambia mtu. Akanyanyuka, akachukua simu pamoja na bakuli lake, akaenda kuiweka kwenye jiwe kando ya mbabula, lile jiko la makaa ambapo maji ya bukari, ugali wao, yalikuwa yakichemka.

"Unafanya nini?" Gaston akang'aka. "Kata ile simu! Aibu inatosha!"

"Sikate," Wivine akasema. "Nataka asemeseme na sufuria. Njo namna nafanyaka kila siku. Akipiga, nainua, naweka apa, napika. Ananiita chérie, maji inamujibu. Batata, mungojee kidogo."

Wakangoja. Chini ya bakuli sauti ikaita allo, ikanyamaza, ikaita tena. Maji yakazidi kuchemka. Tata Mianda akavuta ugoro, akapiga chafya, akajifuta. Simu haikukatika. Tante Mbombo akaenda kumnywesha mbuzi maji, akarudi. Simu ilikuwa bado hewani.

"Tata Kabongo," Wivine akauliza kwa upole, "we ukipigaka simu, unasemaka wakati murefu namna gani?"

"Mi? Mi nabipaka, inalia mara moja, nakata. Batu banarudisha."

"Na weye, Tante?"

"Nabipaka! Unités ya kulipia simu itatoka wapi?"

"Tata Mianda?"

"Mi pia nabipaka," akasema Tata Mianda kwa huzuni. "Lakini habarudishake."

"Basi muniambie. Mu Kolwezi hii, ni nani anaacha unités inaungua bule mbele ya sufuria ya bukari? Kila siku. Hata saa muzima."

Swali lilikuwa limewaingia, maana hakuna mtu kati yao aliyewahi kuacha simu ya kulipia iende bila maneno. Kila mmoja akamfikiria mtu wa aina hiyo akamkosa.

"Labda ni tajiri," Tata Kabongo akajaribu. "Labda ni négociant, mwenye kuuza cobalt."

"Tajiri?" Tante Mbombo akamcheka usoni. "Tajiri njo wa kwanza kubipa!"

"Si tajiri," Wivine akasema. "Ni mutu hajalipa kitu. Hii SIM, bwana yangu njo alinipatia. Ni ya flotte ya kazi yao. Mwenye iko mu flotte anapigia mwenzake wa mu flotte bila kulipa hata kidogo, asubuhi mpaka magaribi. Uyu mwanaume haiko wa ku soko, haiko wa barabarani. Eko anafanya kazi na Gaston."

Shingo zote zikageuka. Kijasho chembamba kikaanza kumtoka Gaston chini ya kola ya Jumapili.

"Tuko batu wengi sana kule!" akabwata. "Chauffeurs, bamakanika, bagardiens! Mi nitajua namna gani ni nani? Wivine, usichokoze akili ya bakubwa. Kata simu!"

Akanyoosha mkono kuelekea mbabula. Wivine akasimama katikati, mkono kiunoni, na Gaston, ambaye hajawahi kuona mkono huo kiunoni tangu amwoe, akarudi kuketi.

Tata Kabongo akakohoa. Alikuwa ameanza kukosa raha kwenye kiti chake chenye mikono, lakini mwenyekiti ni mwenyekiti. "Ile maneno ya flotte ni ya kweli," akasema. "Mais jina, bado. Kama ni wa kazi, kama ni wa soko, desturi inaomba jina. Mama Gael, ukishindwa kutaja, utaenda."

Huko barabarani dereva wa lori akapiga honi. Wivine akatazama mlangoni. Alikuwa ameweka tumaini lake lote kwenye ile sufuria, na sufuria imesema ukweli, na bado mfuko uko mlangoni. Hasira ikampanda. Akanyakua mfuniko wa sufuria.

"Usiguse!" Tante Mbombo akapiga kelele. Mke mwenye shauri kama hilo haruhusiwi kumpikia mumewe. "Mukono yako isiguse chakula!"

"Sipike, Tante. Ninapiga."

Akalifunua bakuli, akaupigiza mfuniko kwenye sufuria, sentimita chache tu kutoka kwenye simu, pwaa! Kuku wakatawanyika. Tata Mianda akadondosha ugoro wake wote. Na kutoka kwenye simu, wazi kabisa, likaja yowe la mtu aliyetoboka sikio.

"Mamu wanyi!"

Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Ni Tshiluba safi, lugha ya Kasai, kile kilio cha kumwita mama, ambacho mtu hutoa akiumia kabla hajapata nafasi ya kuchagua lugha.

"Ni wa kwetu!" Tante Mbombo akanong'ona. "Ni mutoto wa kwetu!"

Wivine akaitazama simu, kisha akamtazama mumewe. Gaston alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Na hapo hapo, msomaji, kitu kikamfungukia Wivine kichwani. Kama yule ni mtoto wa kwao, basi tshibawu anaijua. Aliisikia akiwa mgongoni mwa mama yake.

"Batata," akasema, akapiga magoti mbele ya mbabula, "ninakubali. Ninataka kuungama."

Tante Mbombo akashika kifua. Tata Mianda akafumba macho kwa aibu. Gaston akatabasamu, akakumbuka majonzi yake, akaziba mdomo kwa leso.

Wivine akaiinua simu karibu na midomo yake. "Mutu wa mu simu, unanisikia?"

Kulikuwa na pumzi tu.

"Unanisikia. Mi sikujue jina, lakini tshibawu inakujua. Leo, mbele ya batata na bamama, naweka neno moja. Mi sikufanya kitu, sikukuita, sikukupenda, sikukuona. Mwenye anajua kweli na anaificha, tshibawu iache batoto bangu, iende kwake. Kama eko na nyumba, iingie mu nyumba. Kama eko na bibi, na bibi iko na mimba, iingie mule mule."

"Amen!" akaitikia Tante Mbombo.

Hakukusudia. Ni mama wa maombi, na mtu akipaza sauti hivyo mbele yake kinywa chake huitikia chenyewe. Lakini shangazi wa ukoo akishaitikia, neno limepigwa muhuri, na hata mbuzi alionekana kulielewa.

Simu ikalipuka.

"Tante, hapana! Rudisha ile amen! Ya Wivine, nakuomba, nakuomba, Godelieve wangu anakaribia kuzaa! Tuko tunangojea siku tu! Ondoa ile neno!"

"We ni nani?" Tante Mbombo akanguruma.

"Ni Merdi! Merdi, mutoto wa Mama Kabemba, tunasalia kanisa moja! Si mimi! Ni chef! Chef Gaston njo alinituma! Alisema anapima bibi yake, nikikatala ananirudisha ku équipe ya usiku! Aliniandikia mpaka maneno ya kusema! Leo akaniambia piga wakati wa kikao na nisikate mpaka yeye mwenyewe akate! Tante, ondoa ile amen!"

Hebu tusimame hapo kidogo, tumcheke Gaston kwa nafasi. Chini yake kazini ana vijana kutoka kila pembe ya Congo. Yeyote kati yao angemnong'oneza Wivine mapenzi kwa niaba ya bosi, akapewa bia yake, akalala usingizi mnono. Wengi wao hawajui tshibawu ni mnyama au mboga. Lakini Gaston, kama anavyofanya kwenye kila nafasi nzuri kazini, hakutaka mtu wa nje. Alitafuta mtu wa kwao, mwaminifu, wa kanisa lake. Alimchukua mtu ambaye mkewe ni mjamzito na kumpa kazi ya kuchezea tshibawu.

"Merdi," Wivine akasema, "nimeondoa. Enda umuchunge bibi yako. Siku nyingine ukitumwa, utume masikio yako kwanza."

Akakata yeye mwenyewe.

Tata Mianda akawa wa kwanza kupata maneno. Alikuwa akimtazama mbuzi. "Gaston," akauliza taratibu, "ulisema ile simu uliisikia mara ya kwanza siku gani?"

"Ya... ijumaa magaribi, Tata."

"Na hii mbuzi, ulimununua siku gani?"

"Asubuhi ya siku ile ile," akajibu Tante Mbombo badala ya mpwa wake, polepole, kwa sababu ni yeye aliyesaidia kumchagua. "Alinipeleka soko ijumaa asubuhi. Alisema ni ya sikukuu."

Mbuzi alikuwa amenunuliwa kabla ya kosa. Tata Mianda akatikisa kichwa muda mrefu. Tante Mbombo akavua kiatu, akakitazama, akakivaa tena kwa sababu ni Jumapili.

Kila mtu akamgeukia mwenyekiti kusubiri hukumu. Na Tata Kabongo, yule yule aliyekuwa akidai jina tangu kikao kianze kama mkusanya kodi, akatoa leso, akafuta miwani, akaanza kutafuta ulaini mahali ambapo hakuna.

"Eh bien," akasema. "Tuangalie mambo na akili. Gaston ni kijana. Mwanaume akipima bibi yake, maana yake anamupenda. Ni muchezo ya bwana na bibi. Mama Gael, weye uko mama mukubwa. Samehe, tukule mbuzi, tuende nyumbani."

"Muchezo?" Wivine akauliza.

"Muchezo ndogo."

"Tata, mufuko yangu iko pale mu mulango. Batoto bangu beko kwa Valérie, tangu asubuhi banalia, banajua naenda. Tata Mianda amekaa juu ya makala kutoka Mutshatsha mpaka apa ju ya kuja kubeba aibu. Na mi ningekuwa na kosa, mungenipandisha ku lori bila bukari. Sasa kosa ni ya mwanaume, imekuwa muchezo?"

Tata Kabongo akaitazama kofia yake.

Wivine akamgeukia mumewe. Alitaka kumtukana na maneno yalikuwa tele, lakini kilichotoka kilikuwa kidogo na kilimuuma zaidi yeye mwenyewe. "Gaston. Ju ya nini? Nilikukosea nini?"

Gaston akaanza kukung'uta vumbi kwenye suti yake. Wivine alimpenda mtu huyu. Alimfulia sare zenye vumbi jekundu la mgodi mpaka maji yakawa meupe. Alikuwa tayari kusikia hata uongo, ilimradi uwe na sababu ndani yake. Gaston hakutoa hata huo uongo.

Badala yake, suti yake ikaanza kulia.

Ndiyo, suti. Mfuko wa ndani, upande wa moyo. Gaston akaubana kwa kiwiko, ukaendelea kutetemeka. Akakohoa kwa nguvu, akapiga chafya ya uongo, akasimama kana kwamba anakwenda chooni.

"Kaa," akasema Tante Mbombo.

"Ni ya kazi, Tante. Ni urgence."

"Kaa!"

Mkono wa Tante Mbombo ukaingia ndani ya koti na kutoka na simu. Akaisogeza mbali na macho ili asome vizuri, kisha akaigeuza ili wote waione.

Numéro privé.

"Angalia," akasema Tata Mianda. "Uyu mutu anapigia bote."

Gaston akapiga magoti. Alipiga magoti kweli, kwenye udongo, na suruali ya suti. "Tante, nakuomba. Mbele ya Mungu. Usiinue." Lakini Tante Mbombo alikuwa ameshaonja utamu wa haut-parleur siku hiyo. Kidole kikashuka.

"Gaston chéri," ikasema sauti ya mwanamke, nyepesi, yenye kucheka. "Bibi yako alishapanda ku lori? Na ule muzee yangu, angali apo? Umupe mbuzi mingi, umukawishe, mi niko peke yangu ku nyumba. Afadhali ile mwanamuke aende. Pale ku geti na bikwembe yake, alikuwa anaona bote benye kupita. Sasa hapatabakia mutu wa kutuangalia."

Sauti hiyo ilikuwa imeongoza kwaya asubuhi ile ile. Karibu kila mmoja pale uani alikuwa ameiitikia, akipiga makofi, Tante Mbombo kwa nguvu kuliko wote. Kichwa chake, inaelekea, kilikuwa kimepona.

Kofia ikamwanguka Tata Kabongo. Hakuinama kuiokota. Alikuwa ameishika mikono ya kiti kana kwamba kiti kinaondoka.

"Kata," akasema kwa sauti ndogo. "Mbombo, kata ile simu."

Mkono wa Tante Mbombo haukusogea. Wivine ndiye aliyekuja kuichukua simu kutoka kwenye vidole vyake. Sasa alijua kwa nini alitakiwa kuondoka, na maumivu yalikuwa makubwa kuliko alivyotegemea. Alimtazama mzee, akamwonea huruma, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Akapita kando ya mumewe aliyekuwa bado kwenye udongo, akaiweka simu juu ya meza, mbele ya kile kiti chenye mikono. Akalichukua lile bakuli la bati na kuliweka mbali.

"Allo?" simu ikaita. "Gaston? Unanyamaza? Ni nani eko karibu na weye?"

Honi ya lori ikalia tena barabarani. Safari hii hakuna aliyeutazama mfuko mlangoni.

"Tata," Wivine akasema, "taja jina."

Tata Kabongo akafungua kinywa.